Kadi ya Duka na Karatasi ya Ofisini

Wazazi wa darasa la sita ninalofundisha, mtaani Nyakabiga, walichanga wakanipa kadi ya zawadi ya duka kubwa la katikati ya mji. Nilitaka mashine ya kusaga matunda. Lakini mama yangu aliugua, nikawa mtu wa hospitali na shule tu, na kadi ikakaa kabatini miezi minane.

Siku niliyokwenda, msichana wa kesi, pale pa kulipia, aliipitisha kadi kwenye kifaa chake, akatikisa kichwa.

"Maman, haitoshi. Wamekata frais, ada ya kadi. Kama hauitumie, kila mwezi wanakata kidogo."

"Nani aliniambia?"

Akanirudishia kadi. Watu walikuwa wamepanga mstari nyuma yangu. Niliacha ile mashine ya matunda palepale nikatoka, masikio yakiwaka kwa aibu. Nje nikaigeuza kadi, nikaisoma neno kwa neno, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Tarehe ya mwisho ilikuwa bado mbali. Kuhusu kukatwa hapakuwa na kitu.

Nikaenda mtaa wa Buyenzi kwa mzazi aliyeinunua, fundi wa magari. Alitoka chini ya gari, akapangusa mikono, akatafuta risiti mpaka akaipata. Nayo ilikuwa kimya.

"Mwalimu, tuache tu. Tutachanga tena."

"Apana. Musichange tena. Kesho tunaenda, mi na we."

Patron, mkubwa wa duka, alitupokea vizuri, hata viti akatupa. Akasema hiyo ni sheria ya duka na imebandikwa.

"Wapi?"

Akaonyesha ukuta nyuma ya kiti chake, humo ofisini ambamo mteja haingii. Nikainuka, nikaenda kuisoma ile karatasi. Fundi akasogea na risiti yake, akaweka kidole kwenye tarehe. Karatasi iliandikwa miezi miwili baada ya kadi kununuliwa.

"Patron," nikasema, "mutu anaonyeshwa frais mbele ya kulipa. Huyu alilipa wakati karatasi yenu haijakuwa. Mi sitoki hapa."

"Hata mi," fundi akasema, akaketi tena.

Patron alipiga simu, akatoka, akarudi, akatoka tena. Baada ya saa nzima akamwita msichana wa kesi, na kadi ikarudishiwa kila kilichokatwa.

"Na wengine wenye kadi kama hii?" nikauliza.

Akainuka kutufungulia mlango. Basi nikaandika barua palepale, kwamba frais zionyeshwe wateja kabla ya kulipa, fundi akatia sahihi, nikadai nakala yangu ipigwe muhuri. Nakala nyingine niliipeleka mwenyewe ofisi ya serikali inayosimamia biashara. Sijui kama kuna aliyeisoma. Ninachojua ni kwamba mwezi uliofuata, niliporudi dukani, karatasi ile ilikuwa mbele, kwenye kesi, kwa herufi kubwa. Frais hazikuondolewa. Ila siku hiyo nilimwona mama mmoja aliyetaka kununua kadi akiisoma yote, kisha akarudisha pesa zake kwenye mkoba.