Sauti ya Kofia Iliyotiwa Kanji

Kosa lilikuwa langu na sitamtupia mwingine. Wakati huo nilikuwa nikitengeneza vipindi vya redio vya dakika saba kuhusu watu wa kawaida wa Mombasa, watu kama muuza mihogo wa Mama Ngina au mama anayeendesha tuktuk kule Tudor. Safari hii nilimtaka mshona kofia, zile nyeupe za vitundu ambazo wanaume huvaa na kanzu siku ya Idi. Nikaenda kwa mwenye duka moja la kofia la Mji wa Kale, kwa sababu duka lake lilikuwa wazi, mwenyewe ni msemaji, na chai ilikuwa tayari.

Mimi ni mtoto wa mitaa hiyo hiyo. Najua fika kwamba kofia zile hushonwa na wanawake majumbani, miezi miwili kofia moja, na kwamba wenye maduka huleta kitambaa tu na kurudi kuchukua kazi ikiisha. Lakini bwana yule alipojiita fundi, sikumkatiza. Nilipomwomba ashone kidogo ili nipate sauti ya sindano, alitoa kofia kwenye kabati la vioo, akatunga uzi, nami nikamsogezea kinasa sauti kama mpumbavu.

Kipindi kilirushwa Jumanne asubuhi. Kabla ya adhuhuri mama yangu alinipigia simu, anacheka hadi anakohoa. Wanawake wa mtaani walikuwa wamekaa na kofia zao mikononi, redio imefunguliwa, na sindano ilipoanza wakatazamana. Uzi ulikuwa unakwaruza. Kofia hutiwa kanji mwisho kabisa, ikishashonwa na kufuliwa, ndipo inapokauka na kusimama. Hakuna anayeshona kofia iliyokwisha kuwa ngumu. Bwana yule alikuwa akidunga sindano kwenye kofia iliyomalizwa zamani, na kila mwanamke aliyewahi kushika kazi ile alisikia.

Mmoja wao hakucheka. Alikuwa jirani yetu, mjane, na nakshi ambayo mwenye duka aliieleza hewani kwa madaha, nyota ndani ya ua, aliibuni yeye kwa penseli yake. Alinitumia salamu niende. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akanikalisha mkekani, akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mwanangu, mamako ashona kofia. Ulikuwa huyui?"

"Nilikuwa najua," nikamwambia. Sikuwa na pa kujificha.

"Basi toa hiyo mashine yako. Yeo ntasema mimi."

Nilimkumbusha kwamba akisema, mwenye duka yule atamnyima kazi, na kazi ile ndiyo iliyomlisha tangu mumewe afariki. Nikamwambia tunaweza kuibadilisha sauti yake. Alinijibu kwamba jina nisilitaje, lakini sauti nisiiguse, maana mtaa mzima unaijua na ndivyo anavyotaka. Akasema bila karatasi wala kusita. Alieleza anavyochora, anavyotoboa, anavyozungushia uzi kila kitundu hadi kikaze. Hakuomba huruma ya mtu. Mwisho aligusa macho yake, akauliza swali moja: "Mato yangu yameisha kwenye vitundu hivi, na sifa apewe mwengine?"

Mkuu wa kituo hakutaka hata kumaliza kusikiliza. Mwenye duka alikuwa akitangaza biashara yake kwetu, na isitoshe, alisema, wasikilizaji wataona tunajikanusha wenyewe. Nikamwambia hiyo ndiyo haja. Akaniamuru nirudie kipindi cha mihogo. Jumanne ilipofika nikaingia studio, mihogo nikaiweka kando, nikaanza kwa kuwaambia wasikilizaji kwamba wiki iliyopita niliwadanganya na nilijua ninawadanganya. Kisha nikamwachia mjane dakika zake. Barua ya onyo niliyopewa siku ile ninayo, na waliotaka nijute bado wanasubiri.

Mwenye duka naye hakukawia. Alituma mtu kwa mjane kudai vitambaa vyake vyote, hata kama kazi haijaisha. Zilikuwa kofia nne, moja imebakiza upande mdogo tu kumalizika.

Nilikwenda kwa mjane na maneno ya kuomba radhi mdomoni. Nilimkuta amekaa sakafuni na wembe. Kitambaa kilikuwa cha mwenye duka, lakini uzi aliununua yeye, na alikuwa akiufumua wote, kitundu kimoja baada ya kingine. Nusu mwaka wa maisha yake ulikuwa umelala mapajani, vipande vipande. Machozi yalikuwa yakimlengalenga na hakuyaficha; alisema waziwazi kwamba inamuuma. Nilimwambia aache, nitakwenda mimi kumsihi yule bwana.

"Kitambaa ni chake, namrudishia," akasema. "Mkono wangu simpi."

Niliona haya kwa lile neno langu la kumsihi mtu. Nikavua viatu, nikaomba wembe wa pili. Tulifumua hadi alasiri, na alinikaripia mara mbili kwa kukaribia kuchana kitambaa cha watu. Tulipomaliza alivipiga pasi vitambaa vyote, akavikunja vizuri, akajifunga buibui lake, tukaenda pamoja.

Duka lilikuwa na wateja, mwenyewe amesimama nyuma ya meza. Alitoa salamu, akaitikiwa na wote. Kisha akavitandaza vile vitambaa juu ya meza, vyeupe, safi, vimejaa matundu matupu, na juu yake akaweka sindano.

"Shona," akamwambia.