Kioo Kimoja Chembamba

Leo nusura nimtukane mgeni kazini.

Tangu asubuhi nachambua vioo vya kufunikia damu kwenye darubini. Vingi vimechubuka, vingine vinene mno, unaona ukungu tu.

Nikapata kimoja chembamba.

Nikakiosha, nikakipangusa kwa spiriti. Nilikiweka kwa ajili ya damu ya mzee aliyeletwa na mkewe kwa baiskeli kutoka Litumbandyosi. Tulishuku malale, ugonjwa wa mbung'o, na vijidudu vyake nilitaka kuviona vikicheza kwenye damu mbichi.

Mara Bwana Mganga, mkuu wa zahanati yetu, akaingia na mgeni wa mkoani, mkaguzi wa vijiji vya ujamaa.

"Dada, muonyeshe ndugu wadudu wa maji ya kisima."

"Bwana Mganga, kioo kimebaki hiki tu, na mgonjwa anasubiri."

"Dakika mbili!"

Nikalifunika tone la maji ya kisima kwa kile kioo. Mgeni akachungulia, akacheka, akazungusha skrubu ya darubini hadi lenzi ikagonga kioo.

Ta! Kioo kikapasuka.

"Samahani, ndugu," akasema, akaenda kunywa chai.

Nikajaribu kioo kinene. Ukungu mtupu. Nikamwambia yule mama ampeleke mumewe hospitali ya Songea.

"Kwa baiskeli hii, mwanangu?"

Akamfunga mumewe kwa khanga kwenye keria asianguke, wakaondoka.

Ninyi wenzangu mngekataa kukitoa? Mimi nilikitoa kwa mkono wangu.