Jiwe la Baba Mdogo Sefu

Nilipokuwa mtoto, huko kwetu Kituoni, mtu hakutoka mjini kwa safari ndefu bila kuweka jiwe. Awe mwalimu, awe dereva wa lori, awe bibi harusi anayepelekwa kwa mume, alisimama kwenye lundo lililokuwa kilimani, pale njia inapouacha mji, akainama na kuliweka jiwe lake juu ya mawe ya wenzake. Lundo lilianzishwa na wapagazi wa misafara ya zamani. Kituoni palikuwa mahali pa mwisho penye maji kabla ya nyika, na aliyeingia nyikani hakuwa na hakika ya kutoka. Basi aliacha jiwe, kwamba hapa nimepita na hapa nitarudi. Asiyeweka, tuliambiwa, hata akirudi mji hataujua. Watoto tuliliogopa lundo lile jamani! Tukitumwa kuni upande ule tulilipita mbio, macho mbele.

Baba Mdogo Sefu, mdogo wake baba, yeye alikuwa haogopi kitu. Alikuwa mtanashati, wa kwanza mtaani kwetu kuvaa miwani ya jua, na alipopata nafasi ya kwenda kusoma London alianza kuongea kama mtu aliyekwisha kufika. Siku ya safari, Bibi, mama yake mzazi, alitangulia kilimani asubuhi na mapema, mimi nimeshika pindo la kanga yake. Mkononi alikuwa na jiwe jeupe, laini, alilolitoa kisimani.

Basi lilisimama pale, maana hakuna dereva aliyethubutu kupita moja kwa moja. Waliokuwa na safari ndefu wakashuka, wakaweka mawe yao, wakapanda. Baba Mdogo akabaki kitini, akatoa kichwa dirishani na kusema kwa upole kabisa kwamba mambo ya mizimu yeye ameshayavuka, na suruali yake nyeupe haitaki vumbi. Abiria wakacheka. Bibi hakucheka wala hakupandisha sauti.

"Sefu mwanangu, shuka uweke. Usipoweka, utakuja kupita mlangoni kwangu usiujue."

Dereva akapiga honi. Jiwe la mtu haliwekwi na mwingine, hiyo ndiyo desturi, kwa hiyo Bibi hakuwa na la kufanya ila kumpa lile jiwe dirishani aende nalo. Basi likaondoka. Baba Mdogo hakugeuka nyuma hata kidogo, nilimwona kwa macho yangu. Bibi akanishika mabega, akanigeuza, tukasimama kuutazama mji kule chini mpaka vumbi likatua. Nilidhani analia, kumbe anaangalia tu.

Baba Mdogo aliporudi kututembelea, mimi nilikuwa nimeshamaliza shule. Barabara ya lami ilikuwa imepita, matingatinga yamelisomba lundo lote likawa kokoto, na nyumba za mbele zimebomolewa. Tulikaa barazani kumsubiri. Tukamwona anakuja, begi begani, jiwe mkononi, macho chini. Akatupita. Akaenda mpaka mwisho wa mtaa, akageuka, akatupita tena. Mimi nilifungua mdomo nimwite, Bibi akanibana mkono ninyamaze. Sasa ninajua alikuwa anamwombea mwanawe aujue mlango mwenyewe, asiambiwe. Mwishowe Bibi akashindwa kuvumilia.

"Ni hapa, baba," alisema. "Ni hapa."

Baba Mdogo alilia pale barazani, watu wote wakiona, mtanashati wetu yule. Alisema alikuwa analitafuta lundo ili aweke kwanza jiwe ndipo aingie kwa mama yake, na lundo halipo, na nyumba zote anaziona sawa. Kwa wiki nzima Kituoni hapakuwa na habari nyingine. Yametimia, watu walisema, na mimi niliamini, tena niliogopa sana. Bibi alifariki baada ya yeye kurudi Ulaya, na hakuwahi kumwona tena.

Leo mimi ni muuguzi Lewisham, hapa London, na Jumamosi nisipokuwa na shifti napanda treni mpaka Tottenham, kwenye fleti ya kaunsili, yaani ya halmashauri, anakoishi Baba Mdogo. Sasa ni mzee, miguu imegoma na daktari amemkataza ndege. Jiwe analo, lipo dirishani. Meza yake ya chakula huioni, imefunikwa na karatasi kubwa ambayo juu yake anachora Kituoni yote, nyumba kwa nyumba, kabla sisi tunaoikumbuka hatujaisha. Kila mtu wa kwetu aliyeko London anaitwa kuhojiwa. Mama Shirini anatoka Kenton, baba yake alikuwa na duka la vitambaa karibu na msikiti, na Kiswahili chake kinatushinda sote. Huyo akianza kubishana kuhusu kisima kilikuwa upande gani, chai inapoa.

Jumamosi moja Baba Mdogo aliniuliza mji unaonekanaje kutoka kilimani. Nilishangaa. Nikamwambia, Baba Mdogo, si ulizaliwa kule?

"Nilizaliwa ndani yake," alisema. "Sikuwahi kuutazama."

Loh! Utotoni alilipita lundo mbio, kama mimi. Siku ya kuondoka hakushuka. Na ukishuka, ukainama ukaweka jiwe, ukiinuka huna budi kugeuka ulirudie basi, na ukigeuka unauona mji wote chini yako, paa la kwenu likiwemo. Sijui mizimu, na wala simbishii Bibi. Ninachojua ni kwamba wapagazi wale walitaka mtu aondoke na sura ya mji machoni. Nikamchorea nilichooneshwa na Bibi siku ile.

Mwaka huu binti yangu Rehema, mzaliwa wa hapahapa, alikwenda Kituoni kwa mara ya kwanza kumwona mama yangu. Baba Mdogo akamkabidhi jiwe. Nikamkumbusha desturi, kwamba la mtu haliwekwi na mwingine. Akanijibu kwamba si lake tena, amempa Rehema liwe lake, aliweke siku atakapoondoka kule. Rehema, anayeelewa kila neno na kujibu kwa Kiingereza, akauliza uwanja wa ndege atawaambia ni nini. Lakini alilifunga kwenye kitenge, akalitia kwenye begi la mkononi.

Siku ya kurudi alitutumia picha. Jiwe liko peke yake kilimani kando ya lami, na nyuma yake mji wote, mabati mapya, minara ya simu, vitu ambavyo sisi hatukuviacha. Nilimpa Baba Mdogo simu nikidhani atalitazama jiwe lake. Hakulitazama. Alifuta miwani kwa shati, akainamia picha muda mrefu, kisha akaweka kidole juu ya paa moja katikati ya mamia.

"Ile pale," alisema. "Kwa mama."

Nikaikuza picha, nikautafuta mlango. Hakukosea.