Aliyekuja Kupigwa Picha ya Matanga Yake

Sinywi pombe, wala siku hiyo sikuwa na homa, kwa hiyo usianze kunitafutia visababu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, studioni kwangu hapa Jeppestown.

Umeme ulikuwa umekatika. Nilikaa peke yangu nikiwaza kufunga kazi, maana siku hizi nani anamhitaji mpiga picha? Kila mtu ana simu, na simu inajua kumfanya kila mtu mzuri. Kuinua macho, kasimama mbele yangu mwanamume Mkongomani, suti nyeusi, shavu la kushoto limekunjamana kwa kovu la moto.

"Baba, nipige foto na ile kamera ya zamani," akasema. "Ile yenye balitia ku matanga haiko mimi. Batoto yangu banalilia mutu mwingine."

Nilidhani kafiwa na ndugu, uchungu umemchanganya. Nikamkalisha karibu na dirisha. Akanisihi nisilifiche kovu: alilipata akimwokoa binti yake kwenye moto, binti huyo angali mtoto mchanga. Niamini, tangu nianze kazi hii sijawahi kupata uso kama ule. Nikapiga. Akanitajia jengo lao la Hillbrow na jina la mkewe, halafu nikageuka kuiweka kamera mezani. Kurudi, kiti kitupu. Na geti la chuma, ambalo mteja haingii wala hatoki mpaka nimfungulie, lilikuwa na kufuli!

Umeme uliporudi, nikasafisha filamu. Picha ikatoka vizuri ajabu, nikaipeleka Hillbrow mwenyewe. Nilikuta watu wameketi matangani, na mezani picha kubwa ya mwanamume mwenye suti ile ile, mashavu laini kama sahani. Fulana zao nazo zilichapwa sura hiyo. Ndipo nilipojua nimempiga picha nani.

Mjane akaitazama picha yangu, akaigeuza kifudifudi. "Eish, baba, ondosha hii. Bwana yangu alikuwa muzuri. Angalia ile, binti yetu njo aliitengeneza."

Yule binti, sasa msichana mkubwa, akaichungulia, akasema kwa Kiingereza kwamba baba yake hakuwa hivyo. Hakuwa akidanganya. Miaka yote alimlainisha kwenye simu, mpaka akamsahau aliyeungua kwa ajili yake. Nilitoka pale na hasira ambayo haijaniisha mpaka leo.

Picha iko ukutani nyumbani kwangu. Umeme ukikatika mchana, yeye huja studioni, hukaa, huniuliza kama waliipokea. Namwambia wameitundika sebuleni. Anafurahi, anaondoka, kisha anarudi kuuliza tena.

Basi wewe unayewafuta wazazi wako makunyanzi kwenye simu, bakiza hata picha moja ya nyuso zao zenyewe. Wakija kuidai, usinitegemee mimi. Kamera naiuza.