Kitambaa cha Redio ya Zahanati

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya vilivyonibana, nikatembea kutoka Rasbura hadi karakana ya redio za upepo mjini Lindi. Ninyi wa simu za mkononi hamzijui: ndizo zilizotumiwa na zahanati za vijijini kuita gari la wagonjwa. Nilikuwa na cheti, na maringo yaliyokizidi cheti chenyewe. Fundi Mkuu hakukitazama. Alinipa kipande cha kitambaa kikavu akasema, "Kijana, adui yetu huku ni vumbi na chumvi ya bahari. Kila mwenye redio mwambie aifunike."

Nililishika neno hilo miaka yote.

Ilikuwa enzi za ruksa. Maduka yalijaa vipuri kutoka kila pembe ya dunia, na huku kila mwezi tukisikia kwamba wafanyakazi watapunguzwa. Kwanza nilipelekwa Kilwa chini ya Msimamizi wa Wilaya, mtu wa ripoti ndefu na maneno machache, kisha nikarudishwa Lindi. Hapo ndipo zahanati moja upande wa Sudi iliponitoa jasho. Redio yake ilikata sauti kila ikitumika kama nusu saa. Nikiifungua imepoa, kila kitu kizima. Nilikwenda mara mbili, nikarudi mara mbili mikono mitupu. Kwa kuogopa kuonekana kazi sijui, niliandika kwenye ripoti: "Mhudumu anaitumia vibaya."

Mhudumu mwenyewe alikuwa Muuguzi Somoe, mama aliyezalisha nusu ya watoto wa kijiji kile. Ofisi ikaamua redio ing'olewe, ipelekwe kwingine. Maana yake, mzazi akizidiwa, hakuna wa kumwitia gari.

Fundi Mkuu alinisomea sentensi yangu. "Vibaya vipi?"

Nikaanza kumsimulia safari zangu mbili.

"Basi twende kabla hawajaing'oa."

Tulipofika hakugusa bisibisi. Aliiwasha redio kama alivyoikuta, akaongea na Lindi, akanywa chai ya Muuguzi taratibu, mpaka sauti ikakata. Hapo ndipo alipoifungua ikiwa bado ya moto. Alitoa kapasita moja ya kauri, kidude cha duara kama kifungo cha shati, akaifunga kwenye kipimo cha kuzungusha kwa mkono kinachotoa umeme mkubwa. Mshale ukalala, ishara kwamba umeme unavuja.

"Mita yako ina betri ndogo," aliniambia. "Mtu goti linamuuma akibeba mzigo, wewe unampima amelala kitandani."

Kauri ile kazi yake ni kuzuia umeme usivuke. Ikikaa miezi mingi chini ya umeme mkubwa na joto, huchoka ndani kwa ndani, bila ufa wala alama ya kuungua. Umeme huanza kuvuja kidogo. Ule uvujaji huongeza joto, na joto huongeza uvujaji. Ikipoa, utaapa ni nzima. Mpaka leo namvulia kofia mzee yule, maana alikijua kitu kisichoonekana kwa macho.

Kisha akakishika kitambaa cha kufuma kilichokuwa juu ya redio, kizito, kimekunjwa mara mbili.

"Mama, hiki unafunika hata ukiwa umeiwasha?"

"Saa zote, baba. Chumvi isiingie."

"Nani kakwambia?"

Muuguzi alinitazama mara moja tu. Habari za kupunguzwa kazi alizijua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemlalamikia safari iliyopita.

"Hakuna," alisema. "Akili yangu tu."

Aibu ilinishika. Mwanamke niliyemchongea ndiye aliyekuwa ananikinga.

"Ni mimi, Fundi Mkuu," nikasema. "Nilimwambia afunike, sikumwambia afunue akiwasha, joto litoke. Na ripoti ile ni ya uongo."

"Haya. Andika nyingine."

Niliandika palepale dirishani, yote, akaitia mfukoni. Tulibadilisha kapasita, redio ikabaki, na Muuguzi akaendelea kuita gari kwa miaka. Mimi nikawa nasubiri barua ya kuachishwa. Haikuja. Nilidhani mzee aliitupa ile karatasi kwa kunihurumia.

Nimestaafu nikiwa Fundi Mkuu mwenyewe. Mafundi vijana huniuliza nilijifunza wapi kazi, nami huwatajia watu wawili: mzee yule na mama wa Sudi. Wiki ya kukabidhi ofisi nilipanga mafaili ya zamani, nikaikuta ripoti yangu. Haikutupwa, ilikuwa imepigwa muhuri wa kupokelewa. Chini ya saini yangu kulikuwa na mwandiko wa mzee yule:

"Aliyemfundisha kijana huyu kufunika ni mimi, na mimi pia sikumwambia afunue. Kama kuna wa kupunguzwa, anzeni na mimi."

Alipoandika hayo alikuwa amebakiza mwaka mmoja apate kiinua mgongo chake.