Vipepeo wa Baba Mdogo

Miaka ile ya ruksa, kila mtu kwetu Ufipa aliamka asubuhi akiwa mfanyabiashara. Mwalimu aliuza sabuni. Katekista aliuza betri za tochi. Bibi mmoja jirani yetu, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kisimani, alianza kuuza makoti ya mitumba aliyodai yalivaliwa na majitu. Aliyeamka bila kitu alikuwa baba mdogo peke yake. Alikuwa mtunza ghala mjini Sumbawanga, katika shirika lililopunguza wafanyakazi mpaka likajipunguza lenyewe, na akarudi kijijini na godoro, redio na tabia ya kutoa amri.

Wa kuamriwa tulikuwa wawili tu, mimi na mkewe. Nilikuwa bado msichana wa shule ya msingi, na nililala nyumbani kwao, ng'ambo ya uwanja wa baba yangu. Wao hawakujaliwa mtoto, basi kazi ya kuwa mtoto wao nilijipa mwenyewe. Mama mdogo alikuwa mtu wa Wampembe, ziwani. Kaka zake walimletea dagaa, akauza mnadani, tukala. Kilabuni wanaume walimwita baba mdogo "shemeji wa dagaa", naye alicheka, lakini akifika nyumbani alinuna mpaka kesho yake.

Mvua zilipoanza kukatika, mama mdogo alisema neno lake waziwazi, huku akichambua maharage. Mavuno yakiisha mumewe akiwa bado hana shughuli, yeye atarudi kwao akafanye biashara yake huko huko. Kumlisha mtu, alisema, si kazi. Kazi ni kumlisha mtu aliyenuna. Baba mdogo aliongeza sauti ya redio. Mimi niliogopa sana, kwa maana nilimpenda mama mdogo kuliko watu wengi niliopaswa kuwapenda.

Ndipo akaja kijana mmoja kutoka mjini, na pikipiki na miwani ya jua.

"Mambo, mzee?" alisema.

"Shikamoo siku hizi haipatikani mjini?" baba mdogo aliuliza. "Au nayo imebinafsishwa?"

Kijana aliamkia upesi, kisha akaeleza. Kuna mzungu amefikia mjini, anatafuta vipepeo, hasa wale wakubwa wenye rangi ya buluu na wale wenye mikia. Anataka mabawa mazima, na wawe wamekauka vizuri ili wasioze njiani. Baba mdogo alimsikiliza kama mtu anayesomewa barua ya kurudishwa kazini.

Kesho yake tuliingia porini. Wavu ulikuwa pazia la lesi la mtumba, limeshonwa kwenye waya na kufungwa kwenye mpini wa jembe. Majani yalikuwa bado mabichi, maua ya njano yamejaa kando ya njia, na vipepeo walikuwa wengi kweli, lakini walimjua baba mdogo mapema. Kwetu tunalima kwa matuta makubwa ya duara, majani yamefukiwa ndani, na mtu anayekimbia huku anatazama juu hafiki tuta la tatu. Baba mdogo hakufika la pili. Wanawake waliokuwa wakipalilia waliweka majembe chini ili wafaidi.

"Shemeji!" mmoja aliita. "Mboga hiyo inaliwa na ugali wa ulezi au wa mahindi?"

Siku ya tatu mama mdogo alichoka kufua matope, akafuatana nasi. Alitupeleka mtoni, mahali ambapo ng'ombe wa Wasukuma waliohamia kwetu walikuja kunywa. Pale, kwenye tope lililokojolewa, vipepeo walikuwa wametua kwa makundi, wakinyonya kwa utulivu kuliko watu walio kanisani. Baba mdogo alinusa, akasema hawezi kuamini kwamba kitu kizuri hivi kinakunywa kitu kile. Mama mdogo alimjibu kwamba hata yeye mumewe ni mzuri, na kilabuni amemwona anachokunywa. Wakacheka wote wawili. Nilikuwa sijawasikia wakicheka pamoja tangu godoro liletwe, nikaanza kuwapenda hata ng'ombe.

Sanduku la mbao lilipojaa vipepeo waliofungwa katika magazeti, baba mdogo alikwenda mjini kumtafuta kijana. Asubuhi ile ile sisimizi waliliona sanduku. Mama mdogo alipolifungua alipiga kelele, akawatoa vipepeo mmoja mmoja, akawapangusa kwa unyoya wa kuku. Kisha akafanya kile ambacho kwao hufanyiwa samaki asioze: akawatandaza juu ya uchanja, akawanyunyizia chumvi, chumvi nzuri ya dukani. Nilimshikia bakuli. Alifanya kazi taratibu, akiimba, na alihakikisha hakuna bawa lililokosa.

Umande wa Ufipa hauna huruma. Chumvi iliunywa usiku kucha, na asubuhi mabawa yalikuwa yamelowa, yameshikana, na rangi ya buluu imebaki kwenye miti ya uchanja. Tulikuwa bado tumesimama pale pikipiki ilipoingia uwanjani, baba mdogo akiwa amepakiwa nyuma.

Kijana alivua miwani. "Mzee, hii ni biashara au kitoweo?"

Mama mdogo alishika tama. Nilimtazama baba mdogo nikingoja amri, au tusi, au redio. Aliinua kipepeo mmoja, bawa likabaki uchanjani. Alimwonja kwa ncha ya ulimi.

"Chumvi imekolea," alisema. Kisha akamgeukia kijana. "Mwambie mzungu wako kwamba kwa wakwe zangu kitu cha thamani hakiachwi bila chumvi. Huyu mama amewatunza vipepeo wangu kuliko nilivyomtunza yeye."

Kijana aliondoka na moshi wake. Mama mdogo alicheka mpaka akakaa chini, na alipokaa akalia, na baba mdogo akakaa naye pale pale kwenye tope, na suruali yake ya ofisini.

Baada ya mavuno, baba mdogo, mtu wa milimani ambaye hata kuvuka kijito alitaka ashikwe mkono, alipakia godoro na redio kwenye lori la kwenda ziwani. Alikuwa ameamua kujifunza kazi ya dagaa kwa shemeji zake, na wamcheke watakavyo. Mama mdogo alipanda mbele, amejifunga kitenge kipya. Niliomba nami niende. Baba yangu alisema shule iko hapa.

Msimu wote ule nilikuwa nimemwomba Mungu wale wawili wasiachane. Sikukumbuka kumwomba wasiniache mimi.