Kucha za Fermín Tejeda

Fermín Tejeda alikuwa mpakaji chokaa, na karibu kila nyumba nyeupe ya Palmar Seco ilikuwa nyeupe kwa mkono wake. Desemba alipaka nyumba, kabla ya siku ya marehemu alipaka makaburi, na sherehe ya mtakatifu wa mji ilipokaribia, manispaa ilimwita apake mashina ya miti na kingo za barabara. Miezi mingine alikaa nyumbani akimsumbua mkewe. Jumapili alikuwa mdakaji wa timu yetu ya besiboli, yaani mtu wa kuchuchumaa nyuma ya mpigaji kwa saa tatu, juani, na barakoa ya chuma usoni, akipokea mipira ambayo mwenye akili timamu angeikwepa. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na mitatu. Kila aliposimama magoti yake yalilia, na sisi wa benchi tuliyasikia.

Mimi ni mwalimu mstaafu na mjumbe wa kamati ya timu, na sipendi mambo yakiendeshwa ovyo. Timu yetu iliendeshwa ovyo, na kwa maoni yangu chanzo kilikuwa Crispín Peguero, mrushaji wetu, yule anayeanza mchezo na ambaye mkono wake ndio unaoamua kama Jumapili yetu itakuwa ya furaha au ya kurudi nyumbani kimya. Crispín alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Ujanani alicheza misimu miwili Marekani, katika mji wa baridi kali, akarudi na koti zito la sufu ambalo mpaka leo analivaa kanisani, hata Agosti, jasho likimtiririka hadi kwenye kola. Hilo peke yake lingetosha kunifanya nimtilie shaka.

Jumapili moja aliwarushia Los Corozos, majirani zetu na maadui zetu, na hakuna hata mmoja wao aliyeupiga mpira vizuri. Jumapili nyingine, dhidi ya watu wale wale, alirusha nje ya shabaha, akawapa vituo vya bure bila wao kupiga, mpaka wakaanza kucheka, na mipira mingine ilimpita Fermín ikaenda kugonga gari la padri. Hukujua unaenda kutazama nini. Watu walitafuta sababu: maharage, mwezi, mama mkwe wake anapokuja kumtembelea. Mwenye duka la pombe alisema sababu ni mimi, kwamba kelele zangu zinamvuruga. Nilipiga kelele, sikatai, lakini nilipiga hata siku alizorusha vizuri.

Mwaka huu orodha ya mashindano ilikuwa ya wachezaji ishirini na watano, na tulikuwa tumeshajaza ishirini na wanne. Nafasi ya mwisho ilikuwa ama ya Crispín, ama ya kijana mmoja wa kiwanda cha sukari, mrushaji wa kawaida kabisa, asiye na maajabu wala misiba. Kamati ilikutana kwenye bucha la Don Abelardo, mkufunzi wetu, tukiwa tumeketi chini ya ndoano za nyama. Mimi nilisema tumchukue kijana, kwa sababu timu haiwezi kuishi kwa kubahatisha. Wawili waliniunga mkono nusu nusu, mmoja akasema Crispín ni Crispín, kama vile hiyo ni hoja. Don Abelardo alikuwa akinoa kisu.

Hapo ndipo Fermín alipoingia kumwombea Crispín. Crispín alimsimamia binti wa Fermín ubatizo, na kwetu jambo hilo huwafanya wanaume wawili kuwa makompadre mpaka kufa. Huwezi kumwacha kompadre wako atupwe na kamati ya watu watano wanaonuka nyama. Don Abelardo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kisu chini.

"Fermín, nikufiche nini? Crispín akienda, na wewe unapumzika. Nimekubakiza kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kuidaka mipira yake ya kichaa. Yeuri, mdakaji wetu wa akiba, ana miaka ishirini na miwili, na magoti yake hayaongei."

Fermín aligeuka rangi. Hakuwa amefikiria hilo hata kidogo, namjua. Alikuja kuokoa nyumba ya jirani, akakuta yake ndiyo inayoungua. Don Abelardo, ambaye hana roho mbaya ila ana bucha, akasema basi, Alhamisi Crispín atarusha kwenye mazoezi dhidi ya wapigaji wetu wenyewe. Akirusha vizuri tunamwandika, akirusha ovyo jina la kijana linapelekwa Ijumaa asubuhi.

Fermín alifika nyumbani hana hamu ya kula. Mkewe, Mireya, ana saluni kwenye chumba cha mbele, na alikuwa amemweka mteja chini ya mashine ya kukausha nywele. Fermín alimsimulia yote, akamalizia kwamba hakuna binadamu anayejua kwa nini Crispín yuko hivyo.

"Mimi najua siku zake nzuri," Mireya akasema bila kugeuka. "Ni siku taulo zangu zinapoharibika."

Fermín alidhani ni mzaha. Mireya akamweleza, huku akiviringa nywele za mteja, kwamba kila timu inaposhinda kwa mkono wa Crispín, Fermín hurudi na kuosha mikono iliyojaa chokaa, kisha anaipangusia kwenye taulo za saluni. Wiki asizo na kazi taulo hubaki safi, na jioni yake huwa ni manung'uniko mpaka usiku. Amegombana naye juu ya taulo hizo miaka mitatu, kwa hiyo anazikumbuka Jumapili zote, moja moja. Ile ya kupaka makaburi, mlishinda. Ile ya mvua, ulipokaa wiki nzima umelala, mlipigwa kumi na moja.

Fermín akaiangalia mikono yake. Mdakaji huzungumza na mrushaji kwa vidole, akivificha katikati ya mapaja ili mpigaji asivione: kimoja ni mpira wa kasi, viwili ni wa kupinda, vitatu ni wa polepole. Vidole vya Fermín ni vyeusi, na suruali yetu ni ya buluu iliyoiva. Chokaa ikiwa imeingia kwenye kucha na kwenye nyufa za ngozi, vidole vinaonekana. Isipokuwepo, mtu mwenye macho mazuri ataviona hata hivyo.

Aliondoka pale pale kwenda kwa Crispín, akamkuta uani akimenya mihogo. Hayo mengine alinisimulia yeye mwenyewe baadaye, na Crispín hakuyakana.

"Kompadre," Fermín akasema, akarudi nyuma hatua kumi na nane, umbali wa kutoka kwa mrushaji hadi kwa mdakaji, "hapa nimekuonyesha vidole vingapi?"

"Umelewa?"

"Vingapi?"

Crispín akakaza macho. "Vitatu."

Fermín alikuwa ameweka mikono yote miwili mfukoni.

Crispín akaendelea kumenya muhogo ule ule mpaka ukabaki mdogo kama chaki. Kisha akasema taratibu kwamba macho yalianza kumfifia miaka mitatu iliyopita. Mpigaji anamwona, glavu anaiona, lakini vidole ni giza tupu, kwa hiyo anakubali kwa kichwa na kurusha anachodhani. Siku nyingine, hajui kwa nini, vinaonekana vizuri kabisa, naye humshukuru Mungu. Fermín alimuuliza kwa nini hakusema. Crispín alimwuliza yeye angemchukua nani, mrushaji wa miaka arobaini na mmoja, au mrushaji wa miaka arobaini na mmoja mwenye miwani.

Hakukuwa na chokaa wiki ile. Ndoo ya Fermín ilikuwa imekauka tangu Desemba, na kununua gunia zima kwa ajili ya vidole vitano Mireya aliita upumbavu, wakati kabati lake limejaa rangi za kucha. Alhamisi mchana akamkalisha mumewe kwenye kiti cha wateja, mbele ya wanawake watatu, akampaka kucha za mkono wa kulia rangi ya waridi inayong'aa. Fermín alifumba macho muda wote. Wanawake wale walimsifu kwamba ana kucha nzuri, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Uwanjani watu walikuwa wengi kuliko siku za mechi. Fermín aliponyoosha mkono wa kulia kumsalimia Don Abelardo, uwanja wote ukaona, na ikawa balaa. Mmoja akamuuliza kama amepata mchumba, mwingine akamwomba dansi moja. Yeuri, ambaye si kijana mbaya, alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka. Fermín alivaa barakoa yake, akachuchumaa, magoti yakalia, akatoa vidole viwili vya waridi.

Crispín akatikisa kichwa kukubali, akarusha mpira wa kupinda uliomfanya mpigaji wetu bora apige hewa na kugeuka nyuma kuutafuta. Zamu tatu nzima hakuna aliyeugusa mpira wake. Kila mpira Fermín aliouomba kwa vidole, ulikuja huo huo, mahali hapo hapo, na glavu yake haikusogea kwa upana wa kiganja. Kufika zamu ya pili hakuna aliyekuwa akicheka tena. Niliona mtu mzima amejifunika uso kwa kofia, nikatazama pembeni, na sitaki kuulizwa kwa nini.

Don Abelardo aliwaita wote wawili na kumuuliza Fermín amefanya nini. Fermín hajui kusema uongo, lakini hakutaka kumwaibisha kompadre wake, kwa hiyo akasema kucha zile ni nadhiri aliyoweka kwa Bikira. Watu wakaanza kumcheka upya. Crispín akawaacha kidogo tu.

"Ni macho yangu," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye duka la pombe. "Siyaoni mavidole yake. Kajipaka kwa ajili yangu. Sasa mwenye kucheka anicheke mimi."

Jina la Crispín liliandikwa jioni ile ile, na mimi ndiye niliyeliandika, kwa mwandiko mzuri. Nilidhani mambo yameisha.

Lakini mtu wa bucha hufikiri kama mtu wa bucha. Jumamosi Don Abelardo alimfuata Fermín nyumbani, akakataa kahawa, jambo ambalo lilitosha kuonyesha kuna msiba. Akasema amefikiria sana. Kama shida ya Crispín ni vidole tu, basi mipira yake haina kichaa tena, na mdakaji yeyote mwenye kucha zilizopakwa ataidaka. Yeuri ameshakwenda saluni ya karibu na kanisa akapakwa njano. Fermín atakaa benchi, na jezi yake anaruhusiwa kuivaa. Nilikuwepo. Nililaumu mambo kuendeshwa ovyo maisha yangu yote, na hili liliendeshwa sawasawa, na lilinichukiza.

Fermín alishukuru. Baada ya Don Abelardo kuondoka, alimwomba Mireya amfute ile rangi. Mireya alimfuta kwa pamba, kidole kimoja kimoja, na alitukana watu wengi nisiowataja.

Jumapili tulicheza na Los Corozos. Kabla ya mechi Crispín alipasha mkono na Yeuri, akidhani Fermín bado anafunga kamba za viatu, na aliziona zile kucha za njano bila tabu yoyote: Yeuri aliomba mipira kumi, akapata kumi. Kisha majina yakasomwa. Crispín akatazama benchi, akamwona Fermín amekaa kando yangu, mikono imelala magotini, safi.

Tangu hapo Crispín akapofuka.

Yeuri alitoa kidole, Crispín akakunja uso na kuinama mbele kama anayesoma barua ya serikali. Akamwomba mwamuzi asubiri. Akafuta macho kwa mkono wa jezi. Akarusha kitu ambacho Yeuri hakukiomba, kikampita. Mpigaji wa kwanza alipewa kituo cha bure, wa pili hivyo hivyo, wa tatu hivyo hivyo, vituo vyote vikajaa na Los Corozos wakaanza kuimba. Don Abelardo akaenda kwa Crispín, na mimi nikamfuata bila kuitwa.

"Njano ile inaonekana mpaka mwezini," Don Abelardo akasema.

"Labda mwezini, Don Abelardo. Hapa haifiki."

"Wakati wa kupasha mkono uliiona."

"Macho ya kizee hayo, yanakuja na kwenda."

"Kwa hiyo unataka nini?"

Crispín akanyoosha kidole kuelekea benchi, moja kwa moja mpaka kwa Fermín, bila kukosea hata kidogo.

Don Abelardo anajua nyama mbovu akipewa, na hii alijua ni mbovu, lakini vituo vilikuwa vimejaa, na kosa moja zaidi lingewapa Los Corozos pointi. Akampungia Yeuri atoke. Fermín akasimama, magoti yakalia, akavaa barakoa na kwenda kuchuchumaa nyuma ya mpigaji wao mkubwa kuliko wote. Akapeleka mkono katikati ya mapaja, na hapo, nilimwona, akakumbuka kwamba kucha zake hazina kitu. Vilikuwa vidole vyake vile vile vyeusi kwenye suruali ya buluu. Akavikunja vyote, hakutoa hata kimoja, akainua uso amwite mwamuzi asimamishe mchezo.

Crispín alikuwa ameshatikisa kichwa kukubali, na mkono wake ulikuwa tayari unarudi nyuma kurusha.